Gari la mbio, matairi ya theluji: niliyoyakuta Kiirua

Mpwa wangu alinipigia simu usiku wa Jumapili moja, mwezi wa Novemba, sauti iko chini kama mtu aliyevunja chombo cha watu. Alikuwa akirudi nyumbani Kiirua kutoka Meru mjini, mvua inanyesha, mkewe kiti cha mbele na mtoto wa miezi minane nyuma. Walipofika kwenye kona moja gari likakataa usukani. Yeye akata kulia, gari laenda mbele. Lilipanda majani ya ukingoni na kusimama hatua chache kutoka mtaroni. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi.

"Mjomba," akaniambia, "wallahi sikuwa mbio. Hamsini, sitini hivi. Na matairi yana meno, nimeyapima kwa kidole. Mbona lateleza?"

Nilimwambia aliache gari nyumbani mpaka nifike. Mimi nina stashahada ya ufundi wa magari niliyoipata Mombasa, na ingawa siku hizi kalamu ndiyo inayonilisha zaidi kuliko spana, swali lake lilinikera. Ni swali zuri. Wengi wetu hatutazami jambo jingine kwenye tairi ila meno.

Kwa asiyepajua, Kiirua iko Buuri, kaunti ya Meru, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya. Ni nchi ya viazi, mahindi na baridi ya asubuhi inayomfanya mtu wa Pwani avae makoti mawili. Sisi Wapwani Meru twaijua kwa miraa na kwa zile pikapu ziletazo miraa, ambazo mwendo wake si wa kusimuliwa mbele ya watoto. Njia ya kutoka Embu kupitia Chuka hadi Meru ni kona na mabonde mtindo mmoja. Wasomaji wangu hawajasahau Julai 24, 2022, basi lililotoka Meru kuja Mombasa lilipotumbukia kwenye daraja la Nithi na watu zaidi ya 30 wakafariki. Pale breki ndizo zilizotajwa, si tairi. Lakini nilipopita juu ya daraja hilo safari hii nilinyamaza, na dereva naye akanyamaza.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2006, rangi ya buluu, kama ilivyo desturi. Vijana wa Kenya na Subaru ni mapenzi ya zamani. Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na Subaru ikashinda tena mwaka 2000 na Richard Burns, na watoto waliokuwa wakisimama vumbini kutazama ndio baba za hawa wanaonunua leo. Mashindano ya dunia yaliporudi Kenya mwaka 2021 kule Naivasha, moto ule ukawaka upya. Mpwa wangu ni mwalimu wa chuo. Alilinunua kwa mtu, si moja kwa moja kutoka Japani, na mwenye kuliuza alimhakikishia kwamba matairi "bado mapya kabisa".

Nilianza na matairi ya nyuma, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa na meno marefu zaidi. Ukiyatazama meno yenyewe kwa karibu, kila jino lilikuwa limechanjwa mistari myembamba iliyopinda-pinda, mingi, kama mkate uliokatwa kwa wembe. Ubavuni pana mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake, na chini yake neno STUDLESS. Nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Haya ni matairi ya barafu.

Japani kaskazini, Hokkaido na kwingineko, watu hubadilisha matairi kila majira ya baridi. Gari likiuzwa wakati huo husafirishwa na matairi hayo hayo, likashushwa Kilindini, na mnunuzi akaona meno marefu akafurahi. Nimeyaona kwenye Vitz, kwenye Fielder, hata kwenye gari la harusi. Majina kama Blizzak au iceGUARD ukiyasoma ubavuni ndiyo hayo. Si matairi mabaya. Kwao ni mazuri mno. Mpira wake umechanganywa ubaki laini hata chini ya nyuzi 7 za joto, pale ambapo mpira wa kawaida huanza kukauka na kuwa mgumu. Sasa uchukue mpira huo uuweke kwenye lami ya Mombasa au Isiolo saa nane mchana. Unakuwa kama ubani uliotafunwa. Meno yanalala kila unapokata kona, gari linayumba nusu sekunde kabla ya kutii, na linapofunga breki kwenye lami yenye maji na joto linakwenda mbali zaidi kuliko tairi la kawaida. Tena yanaisha upesi.

Na hayo ya nyuma hayakuwa laini tena. Nilitafuta nambari ya kiwandani. Iko kwenye kila tairi, baada ya herufi DOT, na yenye maana kwetu ni tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. Lenye 2314 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mara nyingine nambari hiyo imeandikwa upande mmoja tu, na fundi akilifunga upande huo ukiwa ndani itabidi ulale chini na tochi. Nililala. Yalikuwa na zaidi ya miaka tisa. Mpira huzeeka hata kama tairi limekaa bure: hewa na jua huukausha, mafuta yaliyochanganywa ndani hutoka, nyufa ndogo huanza kuonekana kwenye mifereji. Watengenezaji wengi husema likifika miaka 10 liondolewe hata likiwa na meno yote, na baada ya miaka 5 likaguliwe kila mwaka. Kwa jua letu mimi sisubiri 10.

Vijana wanaompenda Paul Walker wa zile filamu za magari niliwaeleza hili hapo hapo uani, maana walikuwa wamekusanyika. Alikufa Novemba 30, 2013 huko California akiwa abiria ndani ya Porsche Carrera GT iliyokuwa ikiendeshwa na rafiki yake. Wachunguzi walisema chanzo ni kasi kubwa mno, lakini waligundua pia kuwa matairi yalikuwa na umri wa miaka tisa na huenda yalichangia gari kukosa mshiko. Gari la mamilioni, matairi ya zamani.

Matairi ya mbele yalikuwa na hadithi nyingine. Kwa nje yalionekana sawa, na ndiko alikopima kwa kidole. Nikamwambia apige jeki na azungushe usukani mpaka mwisho. Upande wa ndani ulikuwa kipara, laini kama upara wangu, na mahali pamoja waya ulianza kuchungulia. Alikaa kimya muda mrefu. Akamtazama mkewe aliyekuwa mlangoni na mtoto, kisha akatazama tena ule waya.

Tairi ni kama daftari, linaandika kila kosa la gari. Likiisha katikati, upepo ni mwingi. Likiisha kingo zote mbili na katikati pamebaki, upepo ni mchache. Likiwa na mabonde na vilima kuzunguka mzingo wake, tazama shokomzoba. Ukipitisha kiganja juu ya meno kwenda ndani ni laini lakini kurudi nje yanakwaruza kama mgongo wa papa, magurudumu hayatazami mbele sawasawa. Yanatazamana au yanapeana kisogo, na kila kilomita tairi linaburutwa kidogo kwa ubavu. Na likiisha ndani peke yake, kama hili, mara nyingi sababu ni mbili kwa pamoja: hilo la kupeana kisogo, na gari kushushwa.

Mwenye gari wa kwanza alikata springi ili gari likae chini kama la mashindano. Gari likishuka, magurudumu hulala, juu yakaingia ndani na chini yakatoka nje. Kwenye uwanja wa mbio kuna faida, kwa sababu kwenye kona kali gari huinama na tairi la nje hukaa sawa. Lakini njia ya Kiirua hadi Meru si uwanja wa mbio. Mtu huyu aenda kazini na kurudi, na kwa muda wote huo tairi linatembea juu ya ukingo wake wa ndani, sehemu ndogo tu ya upana uliolipiwa.

Hapo ndipo kona ile ikaeleweka. Mbele, nusu ya tairi haina mifereji ya kutoa maji. Maji yakikosa pa kwenda, tairi hupanda juu yake na usukani unakuwa wa mapambo. Watafiti wa NASA walipochunguza jambo hili kwa ajili ya ndege miaka ya 1960 walipata kanuni rahisi: kasi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji mengi hutegemea upepo uliomo. Kwa paundi 32, ni takriban kilomita 94 kwa saa. Kwa paundi 24, inashuka hadi 81 hivi. Mpwa wangu alikuwa chini ya hapo, kweli, lakini kuelea si lazima kuwe kamili. Nusu ya mshiko ikishapotea kona inatosha kukutoa. Nikapima upepo wa mbele: 23 upande mmoja, 27 upande wa pili.

Tukija kwenye upepo, kuna jambo ambalo Mpwani anayepanda milimani hulishangaa. Geji hupima tofauti kati ya hewa ya ndani ya tairi na hewa ya nje. Nyanda za juu kama Nanyuki, mita 1,900 hivi, hewa ya nje ni nyepesi kwa paundi 3 kuliko ya baharini. Kwa hiyo tairi lile lile, bila kuongezwa chochote, geji husoma zaidi ukipanda. Lakini baridi ya huko hupunguza, karibu paundi moja kwa kila nyuzi 5 au 6. Mtu akipima 32 asubuhi ya baridi huko juu kisha akashuka Mombasa kwenye joto la 30, atakuta tena karibu na 32. Moja imefuta nyingine. Mkosaji ni yule anayepima mchana, tairi likiwa limepata moto wa safari, akaona 36 akatoa upepo. Kesho asubuhi ana 28 na hajui. Pima alfajiri kabla gari halijatembea, popote ulipo, na ufuate kibandiko cha kwenye mlango wa dereva, si maneno ya kijana wa petroli.

Sasa kununua.

Subaru ina jambo lake ambalo wauzaji matairi hawapendi kulisikia. Injini inasukuma magurudumu yote manne, na katikati pana difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Difu hiyo imeundwa kuvumilia tofauti ya mzunguko kwenye kona, dakika chache. Ukiweka matairi mapya mawili nyuma na ya zamani mbele, yale madogo yanazunguka mara nyingi zaidi kila kilomita, na difu inafanya kazi ya kona hata kwenye njia nyoofu, inapata moto mpaka inakufa. Subaru wenyewe wanataka mizingo isitofautiane zaidi ya robo inchi, milimita 6 na kidogo. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya meno ikiisha, mzingo unapungua milimita 6.28. Maana yake tofauti ya jino inayoruhusiwa ni milimita moja tu. Ndiyo kusema manne kwa mara moja, aina moja, na kuyabadilishana mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000 ili yazeeke pamoja.

Mpwa wangu alimeza mate. Manne ni karibu mshahara wake wa mwezi.

Rimu zake ni za inchi 17, matairi 215/45R17. Nambari ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya tatu ni rimu. Kwa hiyo ubavu wake ni milimita 97 tu. Barabara ya kuingilia kwake ni murramu yenye mashimo, na rimu mbili tayari zilikuwa zimepinda. Nikampa shauri la rimu za inchi 16 na matairi 205/55R16. Ubavu unakuwa milimita 113, mto mzuri zaidi kati ya jiwe na rimu, na kipenyo kizima kinaongezeka kwa milimita 6 au 7, asilimia moja, kiasi kwamba hata mshale wa kasi hauoni tofauti. Sharti ni moja: kabla ya kulipa, rimu ya 16 ijaribiwe kwanza kwenye gurudumu la mbele, maana breki za WRX ni kubwa na si kila rimu inazipita.

"Mjomba, litaonekana kama Probox."

Tulibishana kwa nusu saa nzima, nakiri. Yeye alikuwa ameona matairi ya mbio yaliyotumika, laini, yanayouzwa bei nafuu mjini Meru. Nikamwonyesha maandishi madogo ubavuni: TREADWEAR 200. Kipimo hiki ni cha Marekani, na 100 ni tairi la kulinganishia. Lenye 400 kwa makadirio huishi mara mbili ya lenye 200. Mshiko na maisha marefu ni ndugu wasioelewana. Mpira unaoshika sana ni ule unaokubali kujiacha njiani. Hapo mimi siwalaumu wenye kuchagua 200 kama wana uwanja na pesa. Lakini mtu mwenye mtoto na mkopo atafute 300 hadi 500, na kando ya hapo atazame neno TRACTION: herufi A au AA ndiyo habari ya kusimama kwenye maji, na mimi ningekata kwingine kote kabla ya kukata hapo.

Baada ya vipimo kuna nambari na herufi. 91V maana yake tairi moja hubeba kilo 615 na limejaribiwa mpaka kilomita 240 kwa saa. La zamani lilikuwa 87W, kilo 545 na kilomita 270. Sheria ya Kenya ni 110. Herufi kubwa haikupi ruhusa ya kukimbia, ila tairi la herufi ya juu huvumilia joto vizuri zaidi. V ilimtosha. Nisingemkubalia T ya 190 kwenye gari lenye turbo, hata kama angeapa hatakimbia. Namjua, nami niliwahi kuwa na miaka 29.

Dukani tulikataa manne ya kwanza. Yalikuwa mapya kwa maana ya kwamba hayajavaliwa, lakini tarehe zake zilikuwa za miaka minne nyuma, na yamepangwa dirishani yakiota jua. Kiwanda cha Nairobi kilichotengeneza matairi ya Yana kilifunga kazi hiyo mwaka 2016, na sasa mengi tunayovaa yamevuka bahari, yakakaa kontenani, yakakaa bandarini, yakakaa ghalani. Uliza tarehe kabla ya bei. Muuzaji alikasirika kidogo, kisha akatoa mengine nyuma ya duka, ya mwaka huo huo.

Wakati wa kufunga nilisimama pale pale. Matairi mengi ya magari ya mbio yana upande wa nje na wa ndani, yameandikwa OUTSIDE na INSIDE, au yana mshale wa kuonyesha mzunguko. Moja la yale ya zamani lilikuwa limefungwa kinyume cha mshale, mifereji yake inavuta maji kuingia katikati badala ya kuyatoa. Fundi mzuri hatakasirika ukimtajia. Siku hiyo hiyo springi zilizokatwa zikatolewa, zikawekwa za kiwandani alizopata kwa mtumba, na gari likapelekwa kwenye mashine kunyooshwa magurudumu. Ukinunua matairi manne mapya na usinyooshe magurudumu, umemnunulia fundi chakula cha mwakani.

Jioni ikanyesha tena. Tulipita kona ile, yeye usukanini, mimi nimeshika mlango. Alipunguza mpaka 40. Gari lilipinda kama lililovutwa kwa kamba, naye hakusema kitu mpaka tulipofika getini.

Palibaki matairi manne ya zamani. Mwenye Probox mmoja wa jirani alikuja usiku na noti mkononi akitaka yale mawili ya theluji, "yana meno bado, mwalimu." Pesa ile ilihitajika, mwezi ulikuwa umebana. Mpwa wangu aliniangalia, mimi nikatazama chai yangu. Nyumba ni yake. Akaingia jikoni, akatoka na kisu, akayapasua mbavu yote manne mbele ya jirani, akamwomba radhi na kumkaribisha chai. Asubuhi alimwita fundi wa akala ayachukue bure. Fundi alipoona yamesukwa kwa waya wa chuma, si nailoni, akayakataa. Sasa mawili yameshika bati la banda la kuku lisiruke na upepo wa mlimani, na mawili yamefukiwa nusu langoni, yamepakwa chokaa, ili wageni waone mtaro usiku.